Jumla ya kunukuliwa au faharasa ya h?

Vipimo hivi viwili hutumika kupima uzito wa kazi ya mtafiti, kwa kuangalia makala zake zimetajwa mara ngapi katika makala za wengine. Daktari kijana wa Kigoma anatafiti kichocho kandokando ya Ziwa Tanganyika. Tuseme ana makala tano, zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Jumla ni 63, inapendeza, lakini 40 zimetoka kwenye makala moja, pengine yenye waandishi lukuki na jina lake limo katikati. Faharasa ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, inampa 4: makala nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja. Haiyumbishwi na makala moja iliyovuma. Ila haiwezi kuzidi idadi ya makala, hivyo chipukizi huonewa.

Kwa mkongwe nachukua h. Huyu kijana, someni hizo makala zake tano zenyewe. Na mtaje chanzo cha hesabu: kati ya hifadhidata za makala za kitaaluma, Google Scholar kwa kawaida huhesabu nukuu nyingi kuliko Scopus.