Uzoefu wangu: kukarabati bafu dogo la nyumba ya miaka ya 1920

Bafu letu limeshatumika vya kutosha baada ya ukarabati, na sasa naweza kusema kwa uhakika kipi kilistahili fedha zetu na kipi hakikustahili. Naanza na hukumu, maelezo yafuate. Sakafu ya vigae vidogo vya pembe sita ndiyo iliyolirudisha bafu kwenye rika la nyumba kuliko kitu kingine chochote. Huduma ya kupaka upya hodhi la chuma ni nzuri kwa anayekubali masharti yake. Beseni la kunawia lenye mguu nalipenda, ila linadai kabati mahali pengine. Na choo chenye tangi la juu na mnyororo wa kuvuta, kinachopigiwa debe na kila muuzaji wa vifaa vya mtindo wa kale, hatukukichukua, kwa sababu nitakazozieleza.

Chumba chenyewe kina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.4. Hodhi limeziba upana wote chini ya dirisha, kinafuata choo, kisha beseni karibu na mlango. Karibu kila aliyekuja kulitazama kabla ya kazi kuanza alitushauri tubomoe ukuta tumege chumba cha jirani. Tulikataa, na kwa mwenye nyumba ya umri huu ningependa kulikazia hili: udogo wa bafu si ugonjwa wa kutafutiwa dawa. Mtindo wenyewe ulizaliwa ndani ya vyumba vya kiasi hiki. Hodhi la kujengea ukutani, ambalo kampuni ya Kohler ya Marekani ilianza kulitengeneza likiwa kipande kimoja mwaka 1911, lilizoeleka kwa urefu wa sentimita 152 hivi, na upana wa bafu ukafuata urefu wa hodhi. Ukitanua chumba, vigae vidogo na beseni jembamba vinapwaya.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kuelewa kwa nini mabafu ya wakati ule yalikuwa meupe namna ile. Sababu ilikuwa afya. Kazi za wanasayansi Louis Pasteur na Robert Koch zilipowathibitishia watu kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta maradhi, mazulia, mapazia mazito na mbao za kufunika mabomba, vilivyopamba mabafu ya wenye uwezo katika karne ya 19, vilianza kutolewa. Mahali pake pakashikwa na kauri, enameli na marumaru, vitu vinavyofutika na visivyoficha uchafu. Vifaa vya rangi vilikuja baadaye. Kohler walianza kuvitoa mwaka 1927. Nyumba yetu ni ya mwanzo wa muongo huo, kwa hiyo weupe haukuwa suala la ladha yetu tu. Maarifa haya yanalinda mfuko, kwa kuwa wauzaji huweka vitu vya vipindi vitatu vinne kwenye kapu moja na kuviita vyote vya kale.

Sasa sakafu. Vigae tulivyotumia ni vya kauri isiyo na mng'aro, vyenye upana wa sentimita 2.5 hivi, vyeupe, na mstari mmoja wa vyeusi ukizunguka kando ya kuta. Ukisimama juu yake na miguu yenye maji huteleza kwa shida, kwanza kwa sababu uso haujapakwa kitu cha kung'aa, pili kwa sababu ya mistari mingi ya viungo ambayo unyayo unaishika. Lakini si kila kigae cha pembe sita kinafaa. Muuzaji wa kwanza alituletea vigae ambavyo kingo zake zimepindwa kidogo kama mto mdogo wa kulalia, vimetenganishwa kwa milimita tatu. Vilikuwa vizuri, ila havikuwa vya nyumba hii. Vigae vya wakati ule vina uso bapa na kingo zilizokatwa wima, na nafasi kati yake ni milimita moja na nusu hivi, hata sakafu nzima ikaonekana kuwa kitu kimoja. Tulivirudisha, tukaagiza kwa mtengenezaji mwingine baada ya kumwomba kwanza karatasi moja yenye vigae vya mfano. Naomba mfanye hivyo pia. Picha za mtandaoni hazionyeshi ukingo wa kigae.

Vigae hivi huja vikiwa vimeshikamanishwa kwenye karatasi au wavu. Wa zamani walivibandika uso kwenye karatasi, fundi akavilaza, kisha karatasi ikalowekwa na kubanduliwa, na hapo angeweza kusogeza kigae kimojakimoja kabla simenti haijakauka. Vyetu vilikuja na wavu kwa chini, na hatari ya wavu ni kwamba kingo za kila kipande huonekana sakafuni kama viraka vya mraba. Fundi wetu aliukata wavu pembezoni na kuvichanganya vigae vya mpakani kwa mkono. Kazi ilikwenda polepole, na nilimshukuru kwa kila saa aliyoitumia, maana leo huwezi kusema kipande kimoja kinaishia wapi. Kujazia viungo tulichagua kijivu cha wastani. Cheupe kitupu hupata madoa upesi sakafuni, na kijivu huchora umbo la vigae vizuri zaidi. Kwa viungo vyembamba hivi tumia unga wa kujazia usio na mchanga. Wenye mchanga hauingii sawasawa na unaweza kukwaruza.

Kilicho chini ya vigae hakionekani, lakini hapo ndipo ningemsihi mtu asibane matumizi. Sakafu ya awali ilikuwa tabaka nene la zege lililomwagwa katikati ya boriti za mbao, na ukiondoa tabaka lile unakuta kazi za mafundi bomba wa vizazi vyote. Kwetu boriti moja ilikuwa imekatwa karibu nusu ya kina chake kupitisha bomba la choo. Iliimarishwa kwanza, kisha zikaja mbao mpya, ubao wa simenti, na utando wa kuzuia maji uliopanda ukutani kuzunguka hodhi. Vigae na viungo vyake havizuii maji peke yake. Anayekwambia kigae kinatosha, mtafute mwingine.

Kuna jambo la usalama ambalo wenye nyumba za zamani hulipuuza. Juu ya sakafu ya awali tulikuta tabaka la vigae vya plastiki vilivyobandikwa katikati ya karne ya 20, na vigae vya namna hiyo pamoja na gundi yake nyeusi mara nyingi vina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya mtu yeyote kuanza kugonga. Rangi za kuta na milango nazo zipimwe kama zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizuia rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, na nyumba iliyojengwa nusu karne kabla yake imepakwa mara nyingi mno kuweza kudhani iko salama. Na mwonye fundi anayevunja ukuta nyuma ya kabati la zamani lenye kioo: makabati yale yalikuwa na upenyo mdogo wa kutupia nyembe zilizokwisha makali, na nyembe ziliangukia ndani ya ukuta. Zetu zilikuwa bado zipo, rundo zima lenye kutu.

Ukutani tuliweka vigae vyeupe vya sentimita 7.5 kwa 15, hadi usawa wa kifua, na juu zaidi kuzunguka hodhi. Ni vile viitwavyo kwa Kiingereza “subway tile”, vilivyopata umaarufu kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi za New York, zilizofunguliwa mwaka 1904. Vina uso bapa na huwekwa karibu kugusana. Vile vyenye kingo zilizochongwa mshazari, vinavyouzwa kwa jina hilohilo, vina asili nyingine. Ndivyo utakavyoviona kwenye vituo vya Paris. Si vibaya, ila vikiwa vingi katika chumba kidogo vinarudisha mwanga vipandevipande na kulichosha jicho. Kilichonifurahisha zaidi ni vipande vya kumalizia: kofia ya duara juu ya mstari wa mwisho, na chini kabisa kigae kilichopinda kinachounganisha ukuta na sakafu bila kona. Vipande hivi huongeza gharama kuliko unavyotarajia na fundi atakushauri uviache. Usiviache. Bila hivyo ukuta unaonekana wa jana, na kile kilichopinda hufanya kupiga deki kuwe rahisi, jambo ambalo ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo.

Nije kwenye hodhi, maana ndilo linaloulizwa sana. Lilikuwa hapo tangu nyumba ilipojengwa, la chuma kizito cha kalibu chenye enameli, limechakaa kwenye tundu la maji na kupoteza mng'aro wote kwa chini. Kulitoa maana yake ni kubeba chuma kinachozidi kilo mia moja kwenye ngazi, au kulivunja kwa nyundo. Tulichagua huduma ya kulipaka upya palepale lilipo. Jambo la kwanza kujua ni kwamba hawarudishi enameli. Enameli ya kweli ni unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 za Selsiasi hivi, na tanuri haliletwi bafuni. Kinachopakwa ni rangi ngumu ya sehemu mbili zinazochanganywa na kukaushana zenyewe. Matokeo ni mazuri mno kwa macho: uso laini, mweupe, bila alama ya burashi. Ila ni rangi, na huishi kama rangi. Hairuhusu unga wa kusugulia, wala dawa kali za klorini, wala zulia la mpira lenye vikombe vya kunyonya, ambavyo huibandua. Tunalisafisha kwa sabuni laini na kitambaa, na hadi sasa halijachubuka popote.

Wapakaji nao wachaguliwe kwa uangalifu. Baadhi wamekuwa wakiondoa rangi ya zamani kwa dawa yenye methilini kloraidi, kemikali ambayo mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutulia ndani ya hodhi, hapohapo mfanyakazi anapoinamisha uso. Taarifa ya mamlaka za afya za Marekani ya mwaka 2012 ilihesabu vifo 13 vya wapaka mahodhi kati ya mwaka 2000 na 2011. Tuliwauliza waziwazi wanatumia nini, na tuliyempa kazi alitujibu kwamba hukwaruza kwa mashine yenye kifyonza vumbi, akaja na feni yake ya kutolea hewa nje kupitia dirishani. Aliyeng'aka tulipomuuliza hatukumwita tena. Ni maisha ya mtu, na anafanyia kazi ndani ya nyumba yako.

Kuhusu choo. Tangi la juu na mnyororo lilikuwa jibu la wakati ambapo maji yalihitaji kimo ili yapate nguvu, na ni sahihi kabisa kwa nyumba za mwisho wa karne ya 19. Kufikia miaka ya 1920 tangi lilikuwa limeshashuka hadi karibu na bakuli. Kwa nyumba yetu lingekuwa pambo la kuigiza, na bomba lake refu lingepita mbele ya vigae bila sababu. Tulichukua choo cha tangi la chini lenye kona zilizonyooka, kinachotumia lita sita kwa mara moja. Kinafanya kazi kimya na vizuri. Kabla ya kuagiza, pima umbali kutoka ukutani hadi katikati ya bomba la kutolea uchafu. Vyoo vingi vya kisasa vinatarajia sentimita 30, lakini katika nyumba za zamani utakuta 25 au 35, na tofauti hiyo hukuachia pengo nyuma ya tangi au choo kisichoingia kabisa.

Beseni lenye mguu limeuachia mlango nafasi ya kufunguka, na sakafu inaonekana hadi ukutani, kitu kinachokifanya chumba kivute pumzi. Halina pa kuweka hata mswaki, hivyo tulizamisha kabati la kioo ndani ya ukuta, palepale lilipokuwa la zamani, tukapata kina cha sentimita tisa bila kumega nafasi. Koki tulichagua za nikeli. Kromu ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920 na ina ubaridi wa bluu. Nikeli ina joto kidogo na hufifia taratibu. Shaba isiyopakwa vanishi hubadilika rangi ndani ya wiki chache, na asiyependa alama za vidole asiinunue.

Feni ya kutolea mvuke ni ya kisasa na haina aibu kuonekana. Imewekwa kifaa cha kupima unyevu kinachoiwasha yenyewe, na plasta ya chokaa iliyobaki juu ya vigae imekauka vizuri kwa mara ya kwanza. Juu yake tulipaka rangi inayopitisha mvuke, kwa kuwa rangi za plastiki kwenye chokaa huishia kuvimba.

Vigae agiza asilimia kumi na tano zaidi ya eneo, vyote vya mkupuo mmoja wa kiwandani, na masanduku yanayobaki uyahifadhi na lebo zake. Weupe wa mkupuo unaofuata hautalingana, na siku fundi bomba atakapohitaji kufungua sakafu utavihitaji vilevile.