Better Man kwenye kibanda umiza: steringi nyani, adui hajulikani

Mimi muvi za wanamuziki huwa hazinishiki. Mzungu akishaanza kuimba dakika tatu mfululizo, nasinzia. Hii nilikwenda kwa sababu cherehani yangu ilikata mkanda Jumamosi mchana, fundi akasema mpaka Jumatatu, na mdogo wangu akarudi na habari kwamba kibanda umiza kimoja, chumba cha kuonyesha muvi, huko Chikongola hapa Mtwara, jioni wanaweka "muvi ya nyani msanii". Kiingilio 500. Nikanunua ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ya 500 nyingine pale mlangoni, nikakaa benchi la nyuma na mama anayeiuza, maana mbele ni kwa vijana na miguu yao.

Muvi yenyewe inaitwa Better Man, ya mwaka 2024, imeongozwa na Michael Gracey. Ni maisha ya Robbie Williams, mwimbaji wa Uingereza aliyezaliwa 1974 huko Stoke-on-Trent. Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, aliingia kundi la Take That. Akatoka 1995, pombe na unga vikiwa vimeshamkalia kichwani, kisha akawa mkubwa peke yake. Mpaka hapo ni hadithi ambayo hata Bongo tunayo, ya kijana anayepata jina kabla hajapata akili. Kasoro moja tu: toka mwanzo hadi mwisho Robbie ni sokwe. Mama yake mtu, baba yake mtu, mchumba mtu, wenzake kundini watu, na hakuna hata mmoja anayeshangaa.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kibandani, muvi ya nje haiwekwi hivi hivi. Inawekwa iliyotafsiriwa. Kuna jamaa ameingiza sauti yake juu, anasimulia kwa Kiswahili mwanzo mwisho na chumvi anaongeza mwenyewe. Na dakika ya tano haifiki kabla watu hawajajua steringi nani na adui nani. Vikikosekana hivyo viwili, ni kelele.

Basi kelele ikaanza. "Steringi ndiyo huyo nyani?" "Sasa mbona mama yake mtu?" Kijana mmoja akaapa kwamba amelaaniwa, tusubiri, mwishoni mchumba atamshika mkono atageuka mtu. (Kwa haki ni sokwe, si nyani. Ila sokwe wako Gombe huko Kigoma. Sisi huku tunaowajua ni nyani, wale wa kula muhogo wa watu, na jina likishaingia kibandani halitoki.)

Aliyewanyamazisha ni babu mmoja wa Newala, amekuja mjini kwa mwanawe kutibiwa miguu, anakaa kiti cha plastiki karibu na mlango. Akasema, "Nyie watoto, midimu hamjaiona? Huyo kavaa. Mwacheni acheze." Wakacheka, lakini baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya nyani. Mimi nilibaki na neno lake usiku kucha. Midimu, ngoma yetu ya vinyago, inapotoka, mwanamke hatakiwi kujua ni nani aliyemo ndani ya kinyago, na sote tunamjua kwa miguu. Huyu Robbie tunamjua kwa macho. Nilikuja kusoma baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa akijiita nyani wa kuchezeshwa mbele ya watu, na mwongozaji ndipo alipolipata wazo. Babu hakuhitaji kusoma.

Swali la adui ndilo lililotuchosha. Kwanza akawa baba. Baba ni mchekeshaji na mwimbaji wa kumbi ndogo, anampenda mtoto pale mtoto anapofanana naye, halafu siku moja anaondoka nyumbani. Benchi la mbele likamhukumu hapo hapo. Kisha akaja meneja wa kundi, mkali, anayewapanga vijana kama nguo dukani; vijana wakahamia kwake. Kisha unga. Kuna kijana pale anaimba Bongo Fleva, amesharekodi nyimbo mbili na zote anazo kwenye simu yake tu. Yeye akasema adui ni Gary Barlow, mwenzake wa kundi, kwa kuwa ndiye mtunzi wa nyimbo na hataki kugawana. Nikajua hapo kuna jambo lake binafsi.

Sasa niiseme kero yangu na hiyo tafsiri. Muvi hii nusu ya maneno iko ndani ya nyimbo, na jamaa anaongea juu yake. Kuna kipande kinapigwa mtaa wa Regent Street, London, mamia ya watu wanacheza, kamera inapita katikati yao kama vile haikati kabisa, mabasi mekundu, vikongwe na fimbo zao, kila mtu. Ni kipande cha kukufanya usimame. Jamaa anatuambia, "Hapa sasa wamepata hela, wanatumbua." Basi. Kubaya zaidi ni kwa mchumba, Nicole Appleton, mwimbaji wa kundi la All Saints. Anapata mimba, wakubwa wa muziki wanaona mtoto ataharibu biashara, mimba inatolewa. Jamaa akasema, "Mrembo amekwenda safari ya kikazi." Mama wa ming'oko akanigusa goti. "Safari gani hiyo, mwanangu, anarudi kajishika tumbo?" Wanawake tulikuwa wanne mle ndani na wote tulikuwa tumeshaelewa.

Halafu bibi. Robbie ana bibi yake, anaitwa Betty, ndiye pekee anayemtazama bila kumdai kitu. Wanakaa kwenye kochi, wanaangalia TV, hakuna la maana linalosemwa. Miaka inakwenda, bibi anaanza kusahau, mjukuu yuko kwenye majukwaa na unga wake, anajua kabisa anatakiwa aende kumwona na haendi. Kibanda kilikuwa kimya mpaka feni inasikika. Bibi akafa, tukaingia mazishini, wimbo ukaanza, umeme ukakatika.

Gesi inachimbwa pale Mnazi Bay, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na sisi tumekaa gizani tukipepea mbu kwa viatu. Sina la kuongeza. Uliporudi, mwenye kibanda akaona muda umekwenda na watu wa mechi wameanza kujipanga nje, akaruka mbele. Tukajikuta Knebworth, kwenye tamasha kubwa la Robbie huko Uingereza.

Knebworth ni kweli ilitokea, mwaka 2003, siku tatu, watu wapatao 375,000. Kwenye muvi, steringi anapanda jukwaani, anatazama umati, na katikati ya watu anajiona yeye mwenyewe. Yeye mtoto, yeye wa Take That, yeye mlevi, wote wanamtukana. Anashuka, anapigana nao, panga na damu, vita hasa. Mtafsiri akasema ni majini yake yamekuja kudai. Na hapo yule kijana msanii, ambaye jioni nzima alikuwa na Gary Barlow wake, akasimama juu ya benchi: "Aah! Kumbe adui ndiye steringi mwenyewe!" Kibanda kikalipuka kama goli la dakika ya 90.

Mwisho, anatibiwa, anaomba radhi watu, anaimba ukumbi wa Royal Albert Hall na baba yake anapandishwa jukwaani waimbe pamoja. Wanaume wengi waliondoka wameridhika. Baba ni baba, wakasema. Mimi sikuridhika. Saa mbili na zaidi muvi inatuonyesha mtu aliyemwacha mtoto akarudi pale mtoto alipopata jina, halafu kesi inafutwa kwa wimbo mmoja na taa nzuri. Mama yake, aliyebaki nyumbani akamlea, hata sikumbuki alipewa maneno mangapi. Mama wa ming'oko alisema kwa kifupi, akikusanya maganda: "Aliyeachwa hakupandishwa jukwaani."

Nikaitafuta nakala isiyotafsiriwa, nikaiangalia kwenye simu siku ya pili na Kiingereza changu cha kuungaunga. Ni muvi nyingine kabisa. Sauti ya msimulizi ni ya Robbie mwenyewe, anajisema vibaya kwa mzaha, na ukimsikia unaacha kumwonea huruma ya bure. Mwili ni wa mwigizaji Jonno Davies, kisha Wētā FX wa New Zealand wakamvika sokwe kwa kompyuta. Kazi hiyo iliwapeleka kuwania Oscar ya 2025. Mimi kama fundi nguo nilisimamisha picha mara nyingi. Angalia shati linavyokaa begani kwake. Manyoya yamebonyea chini ya kola, mshono wa bega unavutika akinyanyua mkono, kama nguo ya mteja mwenye mgongo mpana aliyekuja bila kupimwa. Na pamoja na yote hayo muvi haikurudisha pesa yake. Watu walisikia "nyani" wakabaki majumbani, nadhani. Chikongola walisikia "nyani" wakaja.

Naipa 7 kati ya 10. Moja nimeikata kwa ajili ya mama, moja kwa ajili ya baba, na moja kwa sababu katikati kuna ulevi unaojirudia mpaka unatamani mtu amfungie ndani. Watoto msiwaweke, matusi na unga vimejaa. Na kama mna namna, msiiangalie iliyotafsiriwa.

Jumatatu, nikienda kuchukua mkanda wa cherehani, nilimkuta yule babu amekaa barazani kwa mwanawe. Nikamwamkia. Akaitikia, na kabla sijapita akauliza, "Mwanangu, yule bibi walimzika? Maana umeme ulikatika." Nikakaa, nikamtolea simu, nikamtafutia pale mazishini. Hakuna msimulizi, nyimbo ni za Kiingereza, kioo chenyewe kina ufa. Akaangalia mpaka mwisho, ameishika simu kwa mikono miwili.

Kisha akanirudishia. "Sasa niwekee pale walipokuwa wanaangalia TV."