SUV ya familia: kabla hujachukua ya sporti, kaa kwanza siti ya nyuma

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo naongea na wewe mwenye familia, umeshaamua SUV gani unataka, injini unaijua, rangi mmeshabishana na mama watoto mkamaliza, alafu unafika pale muuzaji anakuuliza, bosi unachukua ya starehe au ya sporti? Na zimepaki pamoja, ile ya sporti ina bampa kali, rimu kubwa nyeusi, egzosi mbili nyuma, na kwa kweli inavutia, mimi mwenyewe ikipita lazima nigeuke.

Sasa kwanza tuelewane kwenye jina. BMW M Sport, Audi S line, Mercedes AMG Line, Volkswagen R-Line, Hyundai N Line, Kia GT-Line, mara nyingi hizo ni gari ileile imevishwa nguo nyingine. Chukua mfano BMW X3 M Sport na X3 M, ni vitu viwili tofauti kabisa, yenye M peke yake ina injini yake na breki zake, ila M Sport unaweza kuikuta na injini ileile ya dizeli ya lita 2.0 iliyopo kwenye ya kawaida. Watu wengi wanalipia herufi wakidhani wameongezewa nguvu na inaniuma kwa sababu hio hela ni ya familia.

Kinachobadilika kweli kiko chini. Springi, shokapu, na tairi, na kwenye tairi ndo nataka tukae kidogo. Inama usome ubavuni. Mazda CX-5 kwa mfano imetoka na 225/65 R17 na pia 225/55 R19. Hiyo 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia, yani kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, piga hesabu unapata kama milimita 146, na R17 ni ukubwa wa rimu, inchi 17. Ya 19 inabaki na 124. Milimita 22 zimeondoka, weka kidole gumba chako hapo uone, na ule ndo mpira na upepo unaomeza shimo kabla hata springi haijaanza kazi. Kwaiyo rimu ikikua, ubavu wa tairi unabaki mfupi, na kila kitu barabarani kinakuja moja kwa moja kwenye kiti.

Mimi niliwahi kupiga shimo usiku na rimu za 19, mwendo wa kawaida tu, watoto nyuma. Asubuhi naangalia, ukingo wa rimu umekunjika kwa ndani na ubavu wa tairi umetoa uvimbe kama yai. Ukiona uvimbe huo jua nyuzi za ndani zimekatika, usikubali mtu akwambie inazibwa, hiyo tairi ni ya kutupa siku hiyohiyo.

Haya, sasa njoo siti ya nyuma, huku ndo nilikobadilishia mawazo. Tulipoenda kujaribu gari mke wangu akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na binti yangu na mama yangu ambaye mgongo unamsumbua. Mbele unakaa katikati ya gari, nyuma umekaa karibu kabisa na tairi za nyuma, kila tuta unalipata zima zima. Mama hakusema kitu, alishika tu ile kamba ya juu ya mlango njia nzima mpaka tunarudi. Alafu siti za mbele za sporti nyingi mgongo na kichwa vimeungana, ni ukuta. Mtoto haoni mbele, macho yanamwambia amekaa tuli, masikio ya ndani yanasikia gari inakata kona, hapo kichefuchefu kinaanza. Na dari ikiwa nyeusi ndo kabisa anajiona yuko kwenye kisanduku.

Ila nisiidhulumu, ya sporti ina haki yake. SUV ni ndefu kwenda juu, na ile laini sana kwenye kona inalala kama boti, ukikwepa kitu ghafla unasikia mwili wa gari unachelewa kukufuata. Kama njia zako ni lami safi yenye kona nyingi na mnajaa watu watano na mizigo, ugumu kidogo unasaidia, gari haikai chini nyuma wala taa hazimulikii juu. Na kitufe cha Sport kisikuchanganye, kwa gari nyingi kinabadilisha jinsi pedali ya mafuta inavyoitikia, gia na uzito wa usukani tu, springi iko vilevile. Labda iwe na zile shokapu zinazojirekebisha zenyewe, ukizipata hizo ongeza hela uchukue, zinakupa zote mbili, starehe na sporti, kwenye gari moja.

Kama hazipo, mimi nasema chukua ya starehe, rimu 17 au 18. Na kama moyo umegoma kabisa unataka lile bampa, uliza kama hiyohiyo ya sporti inakuja na rimu ndogo, zingine zinakuja nazo.

Siku ya kujaribu usikubali kuzunguka lami mpya nje ya duka tu. Pima kwanza upepo wa tairi, kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu gari mpya huwa zinasafirishwa na upepo umejazwa sana na utaihukumu vibaya gari ambayo haina kosa. Alafu funga kiti cha mtoto nyuma, pita barabara unayopita kila siku, dakika 20 dereva awe mtu mwingine, wewe ukae nyuma. Mkishuka, wa kwanza kuulizwa awe mzee au mtoto aliyekaa nyuma, kabla muuzaji hajafungua mdomo.