Dawa za Kihindi za mkojo unaoponyoka: ipi umnunulie mama, ipi uiache dukani

Mama mkubwa alianza kukataa kwenda harusini. Akasingizia magoti. Alfajiri moja nikamkuta anafua kanga kabla nyumba haijaamka, nikaelewa magoti yameonewa bure. Akicheka mkojo unamponyoka, na akisikia tu bomba linatiririka hawahi chooni. Amevuka 70, na aliona heri amweleze siri yake muuzaji wa duka la dawa za Kihindi kuliko daktari kijana wa zahanati. Akarudi na chupa tatu. Nilipokaa na miwani nikasoma maandishi madogo, nikakuta mbili kati ya hizo ni dawa za kuongeza mkojo.

Duka halikumdanganya. Aliomba “dawa ya mkojo”, akapewa dawa ya mkojo. Ila Ayurveda yenyewe, tiba ya jadi ya Kihindi, tangu kitabu chake cha kale cha Charaka Samhita, inagawa dawa hizi mafungu mbalimbali, na mawili yanapingana kabisa. Fungu la mutravirechaniya husukuma mkojo utoke, na fungu la mutrasangrahaniya huuzuia. Chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la mkojo zimetengenezwa kwa ajili ya mawe ya figo, mkojo unaochoma au miguu iliyovimba, kwa hiyo zinasukuma. Swali la kwanza dukani liwe hilo: hii inasukuma au inazuia?

Kabla hata ya duka, jua mkojo unatoka vipi. Ukitoka anapokohoa, kupiga chafya au kunyanyua ndoo, misuli ya nyonga imelegea. Ukija kwa ghafla na haraka, kibofu ndicho kinachojibana bila ruhusa. Wazee wengi wanayo yote mawili. Lakini kama unachuruzika mchana na usiku bila kukoma, hasa kama ulianza baada ya uzazi mgumu hata miaka 30 iliyopita, hiyo huenda ni fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna unga utakaoliziba. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT wanaifanyia upasuaji. Damu kwenye mkojo, homa, kuungua, au kiu isiyoisha ni vya kupimwa kwanza, mkojo na sukari.

Sasa mpangilio wangu, na wa kwanza hauuzwi.

1. Mula bandha. Ni zoezi la yoga, kubana sakafu ya nyonga kama mtu anayezuia upepo usitoke mbele za wakwe. Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu zoezi linalofanana nalo sana, ndiyo maana hospitalini utasikia jina lake. Abane, ahesabu hadi tano, aachie taratibu. Afanye mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuruka. Asibane pumzi, asibane makalio, na asizoee kuukatiza mkojo katikati akiwa chooni. Akihisi kikohozi kinakuja, abane kwanza ndipo akohoe. Katika orodha hii yote hakuna chenye ushahidi wa kukifikia hiki. Mama mkubwa alicheka nilipomweleza, kisha akaniambia alifundwa hilo unyagoni, kwa sababu nyingine.

2. Triphala. Utashangaa kwa nini dawa ya tumbo inashika nafasi ya juu. Choo kigumu hukandamiza kibofu, na kujikamua kila siku kunazidi kuilegeza misuli ya nyonga. Mwanamke wa umri huu anayekaa siku tatu bila choo, akilainika tumbo, mara nyingi mkojo nao unapungua. Triphala ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa, amla likiwa mojawapo. Ni wa bei nafuu, na duka lolote la Kihindi lenye heshima linao. Aanze na nusu kijiko cha chai kwenye maji ya uvuguvugu, mapema jioni na si wakati wa kulala, la sivyo maji hayo hayo yatamwamsha usiku. Akianza kuharisha aache. Na kama choo chake hakina shida, usinunue.

3. Varuna. Gome la mti wa Crataeva nurvala. Hii angalau imepimwa: huko Australia walichanganya gome hili na mimea mingine miwili, wakawapa watu kwa wiki nane huku wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha haraka ya mkojo na kuamka usiku vimepungua kwa waliopewa dawa. Ila ulikuwa utafiti mmoja, wa mchanganyiko maalumu. Unga wa varuna peke yake wa dukani si kitu kile kile, na wenyewe Wahindi huutumia zaidi kwa mawe. Ukinunua, nunua kwa ajili ya mkojo wa haraka, si wa kikohozi, na mpe miezi miwili. Bila nafuu, usirudie chupa.

4. Unga wa mbegu za zambarau. Hapa nina upendeleo, nakiri. Katika fungu lile la kuzuia, Charaka anataja zambarau na embe, miti iliyojaa pwani yetu. Kwa Kihindi zambarau ni jamun, na unga wa mbegu zake hupatikana kirahisi kwa sababu wenye kisukari huununua sana. Ushahidi kwa mkojo unaoponyoka ni wa mapokeo tu. Anayemeza vidonge vya kisukari autumie kwa uangalifu, maana unaweza kuishusha sukari ya damu zaidi. Ndugu yake ni ufuta na sukari guru, tiba ya nyumbani ya India kwa wanaokojoa mara kwa mara. Ni tamu na haina makali, lakini mwenye kisukari asiiguse hiyo sukari guru.

5. Ashwagandha. Wanasema vata, upepo wa mwili, huzidi uzeeni, na hii huutuliza. Inaweza kumsaidia kulala, na mtu aliyelala hakimbilii chooni. Zaidi ya hapo sioni. Imewahi kuhusishwa na madhara ya ini, na mwenye tatizo la tezi ya shingo aiache.

6. Chandraprabha vati. Kila muuzaji ataitaja ya kwanza. Kidonge kimoja kina vitu zaidi ya 30: guggulu (utomvu wa mti), shilajiti (utomvu mweusi wa miamba), kafuri, majivu ya chuma, na chumvi za aina tatu. Kwa bibi mwenye presha na vidonge vingine vinne mezani, ni mkusanyiko ambao hata mfamasia atahangaika kuufuatilia. Hii ilikuwa ile chupa ya tatu. Nimeiweka kando.

Zile mbili nyingine zilikuwa gokshura na punarnava. Gokshura ni mbigili yetu hii hii inayochoma nyayo za watoto njiani, na Charaka ameiweka katika fungu la kusukuma. Punarnava nayo hupunguza uvimbe kwa kukojoza. Ukimpa mtu ambaye tayari anameza kidonge cha presha cha kukojoza, utafua mashuka.

Kuna zisizostahili hata nafasi. Jina likiishia na “ras”, mara nyingi ndani yake kuna madini yaliyochomwa. Bahumutrantak Ras, ambayo jina lake ni “mkomesha mkojo mwingi”, hutengenezwa kwa zebaki. Vasant Kusumakar Ras ina majivu ya madini ya risasi. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walichapisha vipimo vya dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, ambazo ni sumu. Zenye madini kwa makusudi ndizo zilizoongoza.

Kwa hiyo geuza chupa. Tafuta namba ya leseni ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na orodha ya mimea yenye vipimo. Uliza kama imesajiliwa hapa, kwa mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Unga uliofungwa kwenye mfuko mweupe bila jina, hata kama muuzaji ni mcha Mungu, uache. Na dawa za maji zinazoishia na “arishta” au “asava” zimechachushwa. Zina kilevi, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Nimeona mabibi wasiokosa swala tano wakizinywa kwa vijiko bila kuambiwa.

Duka halikurudisha pesa. Tulizipeleka chupa zote tatu kliniki pamoja na vidonge vyake vya presha kwenye mfuko mmoja, na daktari alivutiwa na kitu kingine kabisa: kile cha kukojoza alikuwa anakimeza saa tatu usiku. Sasa anakimeza baada ya chai ya asubuhi, na chai yenyewe ni kikombe kimoja.