"Mlete mzee wa nyumbani": kipoza changu cha maji na duka moja la Malindi

Kipoza hiki cha maji cha kompyuta nakipa nyota mbili, na zote mbili ni za feni zake. Feni hazina makosa, maskini, mpaka leo zinazunguka.

Mimi hupiga video za harusi hapa Malindi, za upande wa wanawake: kupamba, ngoma za ndani, yale ambayo mwanamume haingii. Watu wamevua mabuibui, wamejipamba, wamejiachia. Video hizo hazitoki chumbani kwangu hata kwa dawa. Siwezi kumpa kijana wa saiba anisaidie kuzikata, na sizipakii mahali popote. Kompyuta yangu ikilala, kazi imelala, na mama wa bibi harusi hajui habari za kompyuta, yeye anataka video yake.

Kompyuta yenyewe niliiunga kwa mkono wangu. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 7 5800X, nayo haiji na kipoza cha kuiondolea moto ndani ya boksi, lazima ukitafute. Nikaenda duka moja mjini, jina nimewasitiri ingawa hawastahili, na kijana wa kaunta akaniambia kwa uhakika wote: "Dada, Malindi ni joto. Kwa joto letu feni tupu haikufai. Chukua cha maji." Rejeta yenye feni mbili, pampu ya kukaa juu ya prosesa, mataa ya rangi kama yote. Bei karibu mara tatu ya kile cha feni kilichokuwa kimekaa rafu ya chini hata hakitazamwi.

Sasa hilo neno la joto nataka nilimalize hapa, maana nalisikia kila duka. Maji ya kwenye kipoza hayatoki kwenye friji. Yanabeba moto kutoka kwa prosesa, yanaufikisha kwenye rejeta, na feni zinaumwaga chumbani mwako. Chumba kikiwa na nyuzi 32, kama changu mchana wa kaskazi, hakuna kipoza cha feni wala cha maji kitakachoishusha prosesa chini ya hizo 32. Wanaovipima huko kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22 wakiandika prosesa imefika 70, sisi huku tujumlishe kumi. Kwa hiyo joto la Malindi ni sababu ya kununua kipoza kikubwa chenye uwezo wa kutosha. Si lazima kiwe cha maji.

Hata hivyo, sitasema uongo. Kilipokuwa kizima kilikuwa kitamu. Kimya! Nilikuwa nakata video usiku wa manane, mtoto amelala mkeka wa pembeni, na hakuna aliyeamka. Nilikisifu kwa kila mtu. Shoga yangu wa Barani alikaribia kukinunua kwa ajili ya maneno yangu.

Halafu ikafika ile Shaabani harusi zinapopandana, kila wikendi kupamba kwa fulani na kwa fulani. Kompyuta ikaanza kujikokota. Prosesa hii ikigonga nyuzi 90 hujipunguzia kasi yenyewe isijiunguze, na yangu ilikuwa inazigonga kabla video haijafika hata robo. Nikagusa zile paipu mbili. Moja inachoma, nyingine baridi kabisa. Maji hayatembei. Nikaingia kwenye bios, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kompyuta ikianza kuwaka, mstari wa kasi ya pampu unasoma sifuri.

Nikakifungua, nikakirudisha kwenye boksi lake na risiti, nikapanda tuktuk hadi dukani.

Yule kijana akachomeka waya wa feni mahali, feni zikazunguka. Akanitazama kwa ushindi: "Si hii inafanya?"

Nikamwambia feni zina waya wake na pampu ina wake, feni kuzunguka si dalili kwamba pampu inasukuma. Akacheka. Akaita mwenzake wacheke pamoja. Mara ni chumvi ya bahari. Nikamwonyesha: kweli mapezi ya rejeta yameota unga mweupe kidogo, hiyo ni chumvi na sikatai, lakini pampu imefungwa, chumvi ilipenya wapi? Na duka lenu liko wapi, Nairobi? Si hapa hapa, upepo huo huo? Mara ni stima, inapanda na kushuka. Basi mbona madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, iko salama, na diski, na hizo feni unazozisifu, zote zilikunywa stima ile ile?

Akaishiwa. Ndipo akasema, kwa sauti ya upole kabisa, ya kumbembeleza mtoto: "Dada'ngu, haya mambo ni ya kiufundi. Mlete mzee wa nyumbani, nimueleze yeye ataelewa."

Mzee wangu wa nyumbani ni mvuvi. Hajui hata kompyuta inawashiwa wapi, na akiambiwa prosesa atauliza inauzwa kilo ngapi.

Mwenye duka alikuwa amekaa nyuma na kikombe chake cha kahawa, anasikia yote. Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Waranti ni ya mwaka na mwaka haujaisha." Akaitikia marahaba, adabu tele, kisha: "Msikize huyo kijana, ndiye fundi." Akarudi kwenye kahawa.

Niliondoka nikitetemeka. Video za watu zilichelewa, na fungu zima la malipo ya harusi moja nikalirudisha kwa hiari, kwa aibu.

Sasa natumia cha feni, kile kikubwa chenye minara miwili ya mapezi, kimeletwa kwa basi kutoka Mombasa. Hakina pampu wala maji, na feni ikifa unanunua feni. Kinavuma, hilo mjue, mtoto siku hizi analala chumba cha pili. Nilibandua pia kioo cha mbele cha kasha (nililonunua duka lile lile, bila shaka), maana kasha limezibwa mbele, feni zinavuta hewa wapi? Ni kumziba mtu pua halafu umwambie akimbie. Kioo kilipotoka, nyuzi kadhaa zilishuka pale pale kabla sijagusa kitu kingine. Kisha kwenye bios nikaipunguzia prosesa umeme, kutoka wati 142 inazoweza kuvuta hadi 88. Video inachelewa dakika chache, na mchana wa jua kali sijaona nyuzi 85. Rejeta ya duka zima haikunipa raha hii.

Kwa hiyo msinunue cha maji. Au nunueni, sijui. Wallahi ule ukimya naukosa, na kama pampu ingekufa mikononi mwa watu wenye adabu, huenda leo ningekuwa naandika nyota nne. Pampu zote hufa siku moja. Ila ulizeni kwanza ikifa mtaipeleka kwa nani. Hizo mbili nilizotoa pale juu nazipunguza, iwe moja. Kichwa kinaniuma nikikumbuka ile sauti ya upole.

Kipoza bado ninacho, ndani ya boksi lake, na risiti. Mwanamume yeyote wa Malindi mwenye nafasi aje akichukue, akirudishe kaunta ile ile na maneno yangu yale yale, tuone kama ataambiwa amlete mkewe.