Uzoefu wangu na Webley Mark VI ya mnadani Tanga: kusoma chapa na kupata bei ya kweli

Karatasi ya mnada ilisema "bastola ya Mjerumani, vita vya Tanga, 1914". Kila neno hapo lilipandisha bei, na hakuna hata moja lililosimama baada ya kusoma chapa zilizogongwa kwenye chuma. Kilichokuwa mezani ni Webley Mark VI (toleo la sita), rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya jeshi la Uingereza iliyotengenezwa Birmingham, yenye mwaka 1917 ubavuni. Ni silaha nzuri, nimeridhika nayo kama chombo. Sikuridhika na bei, na naandika kwa sababu dakika kumi za kuikagua kabla ya mnada zingetosha kuishusha.

Leseni kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikuachii uondoke na bastola kwa risiti ya dalali. Akikwambia hiki ni kitu cha kale hakina shida, nenda polisi wilaya uulize kabla ya kutaja bei yoyote. Na siku ya kukagua, kabla ya lenzi na tochi: mtutu uelekee pasipo na mtu, ifungue, tazama matundu yote sita ya risasi kwenye silinda kwa macho na upitishe kidole. Nimeona silaha za urithi zikiwa na risasi moja iliyosahauliwa ndani.

Sasa kuitambua. Mark VI inakunjuka: ukisukuma komeo lililo upande wa kushoto, karibu na nyundo, kwa dole gumba, mtutu na silinda vinainama mbele kwenye bawaba, na nyota ya kutolea maganda inapanda yenyewe. Rivolva ya Mjerumani ya zama hizo, ile Reichsrevolver ya mifano ya 1879 na 1883, haikunjuki kabisa. Inajazwa risasi mojamoja kupitia kijilango cha upande wa kulia, maganda yanasukumwa kwa kijiti kinachobebwa mbali na bastola, na ubavu wa kushoto ina kiwenzo cha usalama ambacho Webley ya jeshi haina. Risasi yake ni ya milimita 10.6. Mtu aliyewahi kuzishika zote mbili hawezi kuzichanganya, hata gizani.

Baada ya hapo pima mtutu. Kwa rivolva unapima kutoka mdomo wa mtutu hadi uso wa mbele wa silinda, silinda haihesabiwi. Ukipata milimita 152, yaani inchi 6, na kishikio kikiwa cha pembe nne chini, hiyo ni Mark VI. Ukipata inchi 4 na kishikio kilichopinda kama kichwa cha ndege, uko kwenye Mark IV ya 1899 au Mark V ya 1913, na hapo simama usome vizuri, maana Mark V ni adimu zaidi. Ndani ya mtutu wa Mark VI kuna mifereji saba inayozungukia kulia. Ihesabu kwa tochi kutoka upande wa nyuma ukiwa umeifungua.

Tarehe ndiyo iliyovunja hadithi ya dalali. Mapigano ya Tanga yalianza tarehe 2 Novemba 1914 na kuisha tarehe 5, majeshi ya Uingereza na India yakirudi melini mbele ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Mark VI ilikubaliwa jeshini mwaka 1915. Hata Waingereza walipoingia Tanga Julai 1916, bastola yenye 1917 ubavuni ilikuwa bado haijatengenezwa. Afisa wa kikosi kilichotoka India mwaka 1914 pengine angekuwa na Webley ya Mark ya awali zaidi. Kwa hiyo mtu akikuuzia historia ya Raskazone, pale Waingereza waliposhukia Tanga, pamoja na chuma, mwombe akuonyeshe mwaka. Kwenye Mark VI za jeshi uko ubavu wa kushoto wa fremu (kiunzi cha bastola), chini ya silinda, pamoja na jina la Webley.

Chapa nyingine zinasema mengi kwa anayezijua. Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili inayogusana ncha maana yake iliuzwa na jeshi kihalali, jambo zuri kwa mnunuzi. Mshale wenye herufi I chini yake ni mali ya India, na pwani hii hiyo si ajabu. Herufi BV, BP na NP zenye taji juu ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, inayopima kama silaha inastahimili risasi, kwa utaratibu ulioanza 1904. Ukiona mkono ulioshika upanga juu ya NP, ilipimwa London. Neno ENFIELD lenye mwaka kati ya 1921 na 1926 linaonyesha kuwa haikutoka kwa Webley bali kiwanda cha serikali cha Enfield, na hizo ni chache, hivyo bei inapanda. Maneno Army & Navy juu ya mtutu ni ya duka: afisa aliinunua kwa fedha yake. Hapo, kama kuna mfuko wa ngozi wenye jina lake na hati yoyote, historia inaanza kuwa na bei. Bila hati, historia ni maneno tu.

Namba ya silaha iko upande wa kulia wa fremu, na inarudiwa kwenye silinda. Zilinganishe. Silinda yenye namba tofauti ilitoka kwenye bastola nyingine, na mara nyingi haikai sawa na mtutu. Yangu zinalingana, na hilo ndilo jambo lililonipa faraja kubwa kuliko yote.

Kosa ambalo wengi hawalioni ni silinda iliyochongwa nyuma. Mark VI ni ya risasi .455 (kipimo cha upana kwa inchi), yenye ukingo mwembamba wa karibu milimita 1. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyingi zilikwenda Marekani, zikachongwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za Kimarekani za .45 ACP, zisizo na ukingo, zikishikwa kwa vibanio vya nusu mwezi. Ifunge, weka vipimo vya fila, vile mafundi wa magari wanavyopimia valvu, kati ya uso wa nyuma wa silinda na fremu. Nafasi ya milimita 1 na kidogo ni ya asili. Ikizidi 2, imechongwa. Na si suala la bei peke yake: risasi ya kiwandani ya .45 ACP ina msukumo wa gesi mkubwa kuliko ule ambao silinda hii ilipimiwa, na silinda za Mark VI zimepasuka kwa sababu hiyo. Yangu haijachongwa. Ningeiacha kama ingekuwa imechongwa.

Mnadani utakutana pia na za .38, Enfield No. 2, Webley Mark IV ya .38 na Smith & Wesson ya vita yenye V mwanzoni mwa namba. Enfield isiyo na mkia wa nyundo wa kuvutia kwa kidole ni ya mfano wa 1938, au ya awali iliyobadilishwa rasmi kuufuata; usidhani kuna mtu aliyeikata mtaani. Smith & Wesson zile ndizo za kuangalia. Zilizopelekwa Uingereza zilikuwa za .38 fupi, na baadaye nyingi zilichimbwa matundu zipokee .38 Special, risasi nyingine ya Kimarekani. Ganda la Special ni refu lakini jembamba zaidi, hivyo linavimba nyuma na kupasuka. Kama bado kuna chapa ya .767 kwenye silinda au mtutu, hicho ni kipimo cha ganda fupi kwa inchi, na ndicho ilichopimiwa.

Utendaji. Wengi hutikisa silinda ikiwa imetulia, wakiona inacheza wanasema imechoka. Kwa Webley hiyo si kasoro. Silinda yake hukazwa kabisa pale kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho. Hakikisha haina kitu, vuta, shikilia hapo hapo, ndipo uitikise. Rudia kwa matundu yote sita, kwa sababu tundu moja lenye mchezo linatosha kupeleka risasi pembeni ya mtutu. Kisha shika mtutu kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine, uzipinde juu na chini. Ukisikia mgongano kwenye bawaba au komeo, bawaba imelika. Komeo lenyewe lina kazi ya pili: lisipofungwa sawasawa, nyundo haiwezi kufikia risasi. Jaribu hilo pia, ikiwa tupu. Nyota ya kutolea maganda inatakiwa ipande, na ukifungua hadi mwisho irudi ghafla yenyewe. Yangu ilikwama katikati. Tatizo lilikuwa grisi iliyoganda. Silinda ilitoka kwa kulegeza skrubu ya pembeni na kusogeza kishikizo chake, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa mafuta ya cherehani kidogo sana, ikapona.

Spring kuu ina umbo la V na inaendesha nyundo na kifyatulio kwa pamoja. Ikivunjika, vyote viwili vinalala, na kuipata nyingine hapa ni kazi. Usiivute nyundo na kuiachia mara kwa mara kwenye matundu matupu kuonyesha wageni.

Sasa rangi, ambako ndiko nilikopoteza. Bluu-nyeusi ya asili inafifia kwenye kingo na kubaki kwenye mabonde. Yangu inang'aa kote sawa, na chini ya mng'ao kuna vishimo vya kutu. Rangi iliyopita juu ya vishimo ilipakwa baada ya kutu. Haiwezi kuwa vinginevyo. Thibitisha kwa herufi: kama kingo zake zimelainika na matundu ya skrubu yamebonyea kama sahani, mtu alipitisha msasa. Upande wa kulia wa kishikio ni mninga wa seremala, kazi safi, lakini cha asili ni cha vulkanaiti (mpira mgumu) nyeusi yenye mikato ya msalaba. Vipande hivyo viwili vinashikwa na skrubu moja. Ukipata pacha cha asili, kinabadilishwa kwa dakika moja.

Ninavyopima mimi: Mark VI ya jeshi yenye namba zinazolingana, silinda nzima, rangi na kishikio vya asili, iite 100. Silinda ya namba nyingine, 75. Iliyochongwa nyuma, 60. Iliyopigwa msasa na kupakwa upya, 50. Kishikio hupunguza kidogo kwa kuwa kinarekebishika. Msasa haurekebishiki milele. Yangu nimeipa 50, nami nililipa bei ya 100 na nyongeza ya hadithi.

Baada ya kuileta nyumbani, usiipeleke kwa fundi wa kuchovya nikeli, wala usiisugue kwa brashi ya waya. Hewa ya Tanga ina chumvi, na kusi inapovuma unyevu unaingia hadi kabatini. Mfuko wa ngozi unashika unyevu huo na kuula mtutu upande unaogusa ngozi, kwa hiyo mfuko na bastola nahifadhi mbalimbali, bastola ikiwa imezungushiwa kitambaa cha pamba chenye mafuta ya cherehani ndani ya sefu. Mafuta ya nazi hayafai hata kidogo. Yanachacha, yanageuka gundi na kukwamisha nyota. Naifuta na kuipaka upya kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa masika.