Kutoka vigae hadi bati la alumini: uzoefu wangu wa kubadilisha paa la nyumba ya zamani karibu na bahari

Kazi hii naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota 4 ni za mbao, vifungo na namna mafundi walivyoilinda nyumba isilowe. Moja niliyoinyima ni ya siku 2 za uzembe juu ya bati jipya, na kwenye hewa ya chumvi uzembe wa siku 2 unatosha kuacha alama ya miaka.

Nyumba iko mita 400 hivi kutoka mawimbi yanapovunjikia. Kuta ni za mawe laini na chokaa, paa lina miteremko miwili, kila mmoja mita 12 kwa mita 5.4, mwinamo nyuzi 25. Juu kulikuwa na vigae vya udongo vilivyolalia fito, na nyuma, juu ya jiko, kipaa kidogo cha shiti za asbesto. Kampuni ilipewa kazi ya kuezua vyote, kukagua na kurekebisha mbao, kisha kuezeka bati la alumini lenye unene wa milimita 0.7 lililopakwa rangi kiwandani. Mafundi 5, siku 9 za kazi.

Nianze na bati, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kiwango cha ISO 9223 hupanga hewa kwa uwezo wake wa kula chuma, kutoka C1 hadi C5, na juu yake CX. Kwenye hewa ya C5, kama ile ya pwani yenye chumvi nyingi, zinki huliwa mikroni 4.2 hadi 8.4 katika mwaka wa kwanza (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Bati la kawaida la daraja la Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, yaani mikroni 20 hivi kila upande. Piga hesabu mwenyewe: ni miaka michache tu kabla chuma hakijabaki uchi. Bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao 55% yake ni alumini, hudumu zaidi sana kuliko la zinki tupu, na kwa nyumba iliyo mbali zaidi na maji ningelichukua bila wasiwasi. Karibu hivi, udhaifu wake uko kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu, pale chuma cha ndani kinapoonekana. Alumini haina chuma cha kuficha. Bati lake likikwaruzwa, hujifunika lenyewe upya.

Lakini ubora wa bati haukuwa sababu ya kuichagua kampuni hii. Niliichagua kwa sababu msimamizi wake aliuliza kuhusu uzito. Paa la vigae hukaa kwa uzito wake. Vigae vya udongo vina kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kwenye mita za mraba 130 kulikuwa na tani 5 hadi 6 na nusu. Bati la alumini la milimita 0.7 lina kilo 2 na ushee. Paa zima halifiki kilo 350. Ukishusha vigae ukaweka bati umeipunguzia nyumba mzigo, ni kweli, ila umeondoa pia kile kilichokuwa kikizizuia mbao zisinyanyuke. Upepo unapopita juu ya mgongo na kuzunguka kona hulifyonza paa kwenda juu, na kwenye kona na kingo mvuto huo unaweza kufika maradufu ya ule wa katikati. Makombamoyo (mbao za mteremko zinazobeba paa) ya nyumba za zamani mara nyingi yameshikwa kwenye mtambaapanya kwa misumari 2 iliyopigwa mshazari, na mtambaapanya wenyewe umelazwa juu ya ukuta kwa chokaa tu. Anayekupa bei ya bati bila kufungua upenu na kutazama kiungo hicho anakuuzia bati, hakuuzii paa.

Walichofanya ni hiki. Kila kombamoyo, 21 kila upande, lilifungwa kwenye mtambaapanya kwa mkanda wa stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) daraja la 316 uliopita juu ya mbao na kushuka pande zote mbili. Mtambaapanya nao ukafungwa ukutani kwa mikanda bapa iliyoshuka sentimita 90 upande wa ndani, mmoja kila mita 1.2, jumla 22. Bolti za kutanuka, zinazojibana ndani ya tundu zikikazwa, hazifai hapa. Zinapasua jiwe laini. Walitoboa, wakasugua tundu kwa brashi, wakapuliza vumbi, wakasugua na kupuliza tena, ndipo wakajaza gundi ya resini na kusukuma fimbo ya kushikia mkanda. Huo usafi wa tundu ndio kazi yenyewe. Vumbi likibaki, gundi hushika vumbi badala ya jiwe, na kwa macho hutaona tofauti yoyote mpaka siku ya upepo.

Mbao. Msumari mmoja wa ufito wa upenuni ulichomoka kwa vidole viwili. Katikati ulikuwa umebaki mwembamba kama sindano, na mbao iliyouzunguka ilikuwa nyeusi na laini kama sabuni iliyoloa. Hivyo ndivyo chumvi inavyokula kiungo: kutu hula msumari, na kemia ya kutu hiyohiyo huozesha mbao inayoushika. Kwa hiyo kupigilia msumari mpya kwenye tundu la zamani ni kujidanganya. Mafundi walidunga kila kombamoyo kwa bisibisi, hasa pale linapokaa juu ya ukuta, na popote bisibisi ilipozama zaidi ya milimita 5 bila kulazimishwa wakaweka alama ya chaki. Kipima unyevu nacho kilipitishwa. Mbao yenye unyevu unaozidi 20% haikufunikwa. Ncha 9 kati ya 42 zilikuwa zimeoza. Walizikata hadi kwenye mbao nzima, kisha wakaambatisha ubao pacha wa ukubwa uleule, uliopanda mita 1.2 kupita sehemu iliyokatwa, kwa bolti 4 za milimita 12. Hakikisha bei ya kila mita ya mbao mbovu imeandikwa kwenye mkataba kabla paa halijafunguliwa. Paa likiwa wazi na mawingu yanakusanyika, huna nguvu ya kujadili bei.

Nyumba za zamani hazina pembe mraba, na hii ilikuwa na tofauti ya sentimita 6 kati ya mishazari miwili ya mteremko mmoja. Fundi akianza kupanga mabati kwa kufuata ukingo wa ukuta, akifika mwisho atakuwa na ngazi-ngazi kwenye upenu. Hawa walivuta kamba upenuni, wakapiga pembe mraba kwa kipimo cha pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, wakaanza na bati la kwanza kwenye mstari huo, na tofauti ikafichwa chini ya kifuniko cha ukingo wa pembeni. Walianza upande usiopigwa na upepo na kuelekea upande unaopigwa, ili midomo ya maungio igeukie mbali na upepo wa kawaida. Mabati 16 kila upande, kila moja likifunika upana wa milimita 762, yote yamekatwa kiwandani kwa urefu kamili wa mita 5.4. Hakuna ungio la kupandisha bati juu ya bati kwenye mteremko, na hilo lilikuwa sharti langu, kwa sababu chumvi hujificha kwenye maungio hayo na mvua haiifikii.

Papi, yaani mbao za kulala ambazo bati hufungwa juu yake, ziliwekwa kila sentimita 90, safu 7 kila upande, juu ya utando unaopitisha mvuke lakini si maji. Papi za kisasa mara nyingi hutiwa dawa yenye shaba nyekundu, na shaba ikigusana na alumini kwenye unyevu hulitoboa vidoto-vidoto. Kwa hiyo juu ya kila papi ulilazwa mkanda wa butili (mpira laini unaonata), mita 168 kwa jumla, bati lisikutane na mbao kabisa. Bamba la zamani la madini ya risasi lililoziba pale kipaa cha jiko kinapogota ukutani liliondolewa pia, likawekwa la alumini lililopanda ukutani sentimita 15 na kuingia milimita 25 ndani ya ungio la mawe.

Skrubu zilikuwa stenlesi 316 zenye washa pana ya mpira. Kwa alumini ndizo sahihi. Kwa bati la chuma lenye alumini na zinki si sahihi, maana stenlesi hulifanya bati liliwe kuizunguka. Hapo tumia skrubu za chuma zilizopakwa kwa daraja la pwani kama mtengenezaji wa bati anavyoagiza. Zilipigwa juu ya wimbi, si bondeni maji yanapopita: 5 kwa kila bati kwenye papi ya upenuni na ya mgongoni, 4 kwenye papi za katikati. Hiyo ni skrubu 30 kwa bati, 960 kwa mabati 32, na 1,100 hivi ukiongeza kofia (kifuniko cha mgongo wa paa) na kingo. Kila tundu lilitobolewa kwanza, pana kuliko shina la skrubu. Alumini hutanuka mara mbili ya chuma: bati la mita 5.4, likitoka ubaridi wa usiku hadi jua la mchana kwa tofauti ya nyuzi 50, hurefuka milimita 6 na nusu. Likibanwa bila nafasi litapanua matundu lenyewe, na paa litalia kila jioni. Ukazaji nao una kipimo chake. Mpira uonekane kidogo tu pembezoni mwa washa. Washa ya chuma ikibonyea kama sahani imekazwa kupita kiasi na mpira utapasuka. Ikizunguka kwa vidole imelegea.

Jambo moja nusura lisahaulike. Paa la vigae hupumua kwenye nafasi zake, bati halipumui, na usiku jasho hudondoka juu ya dari. Kwa dari ya mita za mraba 110 walifungua matundu ya hewa yenye jumla ya mita za mraba 0.37, nusu upenuni na nusu chini ya kofia, yote kwa wavu. Kofia haikuwa na nafasi hiyo kwenye mchoro wa kwanza, ilibidi niiombe. Iombe na wewe.

Sasa lawama. Siku ya 6, fundi mmoja alikata vifuniko vya ukingo kwa grainda, akiwa amekaa juu ya bati lililokwisha kufungwa, na kabla ya hapo alikuwa amekatia bolti za chuma kwa grainda hiyohiyo. Asubuhi yake mteremko wa kusini ulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, madogo kama mbegu za mchicha, mamia. Hayo si bati kushika kutu. Ni chembe za chuma zilizonata kwenye rangi na kushika kutu kwa usiku mmoja wa unyevu wa bahari. Zikiachwa huchimba rangi hadi kwenye alumini. Bati hukatwa chini, kwa mkasi wa bati, na paa hufagiwa kwa brashi laini kila jioni. Walisafisha kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), sabuni na sponji, ila mabati 2 yalikwisha kuchubuka rangi, wakayabadilisha baada ya kubishana siku nzima.

Siku ya 7 mwashi aliziba kando ya ukuta kwa saruji mbichi, ikamwagikia bati. Saruji mbichi hula alumini. Ilipofutwa baada ya saa 3 hivi iliacha alama nyeupe isiyotoka. Ilifaa kazi ya saruji iishe na kukauka kabla bati halijapanda.

Asbesto waliishughulikia vizuri. Shiti zililowanishwa, bolti zikafunguliwa bila kuvunja shiti, mafundi wakiwa na barakoa za daraja la P3 na mavazi ya kutupwa, kila shiti ikafungwa kwenye plastiki nene na kupelekwa kwenye dampo lililoruhusiwa kwa taka hizo. Fundi akikuambia atazivunja haraka kwa nyundo, mwondoe.

Soma dhamana kabla ya kulipa awali. Dhamana nyingi za mabati hutaja umbali kutoka baharini, na ndani ya umbali huo hazifanyi kazi, au hudai paa lioshwe. Yangu inataka sehemu ambazo mvua haizifikii, yaani chini ya upenu na nyuma ya gata, zioshwe kwa maji baridi kila miezi 3, na tarehe ziandikwe. Ni dai la haki. Kutu ya pwani huanzia palepale ambapo chumvi hutua na mvua haioshi. Gata zenyewe zilifungwa kwa mteremko wa milimita 6 kwa kila mita 3, na hazituamishi maji.

Mkataba ulikuwa na ukaguzi baada ya miezi 6, nao walikuja bila kukumbushwa. Walipita skrubu zote za kingo. 14 zilikuwa zimelegea, nyingi kwenye papi ya kwanza juu ya upenu upande wa upepo, zikakazwa. 3 zilikuwa zimekosa mbao tangu mwanzo, zikahamishwa na matundu yake yakazibwa kwa riveti za alumini zisizopitisha maji.